Ndege wa Maleleji Wawekewe Daftari

Kila ufikapo mwezi wa Aprili, kaskazi ikiwa imechoka na kusi bado haijashika, huwa kuna shughuli kubwa katika ghuba ya Chwaka ambayo haimo katika taarifa ya idara yoyote. Maji ya bamvu yanapojaa na kuufunika mchanga wote, vitwitwi na sululu waliokuwa wametawanyika katika pwani kavu husukumwa na maji mpaka pembezoni mwa mikoko, wakabanana juu ya vipande vichache vya nchi kavu vilivyosalia. Ndege ambao mwezi wa Januari walikuwa na rangi ya majivu, hata mtu akawapita bila kuwaona, sasa wengine wao wamegeuka wekundu kama tofali la kuchoma, tangu kooni hadi tumboni. Wamenenepa, na hawatulii. Jioni moja kundi hupaa, huzunguka mara mbili tatu huku wakiitana, kisha hushika njia ya kaskazini. Na asubuhi yake mvuvi akipita na ngalawa yake huona kuwa fungu limepungukiwa.

Wameondoka wangapi? Mwaka jana waliondoka wangapi, na mwaka juzi? Hayo ndiyo maswali tunayotaka kuyaweka leo mbele ya wananchi na mbele ya wakubwa wa Serikali. Idadi ya watalii wanaoingia Visiwani twaijua, kwani Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali huitangaza kila mwezi. Ndege katika takwimu zetu ni kile chombo cha chuma kinachotua Kisauni. Wageni wanaokuja kwa mbawa zao wenyewe, wakakaa nasi miezi minane au tisa katika mwaka, na wengine mwaka mzima, hao hawana fomu ya kujaza wala karani wa kuwapokea. Wahenga waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakizungumza mambo ya dukani, lakini twaona maneno yao yanaingia barabara hapa pwani.

Yafaa kwanza tuwatambue wageni wenyewe. Watu wa mwambao tumezoea kuwaita wale wadogo wote vitwitwi, na wale wakubwa wenye mdomo mrefu uliopinda tukawaita sululu, mambo yakaishia hapo. Ndani ya jina hilo moja la kitwitwi mna aina zaidi ya kumi, na kila moja ina kwao na ina njia yake. Yule anayegeuka mwekundu, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, hutaga mayai yake katika nchi tambarare za kaskazini kabisa ya Siberia, kama vile rasi ya Taymyr, mahali ambapo ardhi haiyeyuki barafu ila juujuu tu kwa miezi michache. Uzito wake wa kawaida ni gramu 60 hivi. Kutoka Unguja mpaka huko ni zaidi ya kilomita 9,000, na mafuta ya kuianza safari hiyo yote hutoka katika minyoo, konokono na kaa wadogo wa tope letu. Mwezi wa Machi na Aprili ndege huyu hula mchana na usiku kwa kufuata maji yanapokupwa, mpaka uzito wake ukaongezeka kwa sehemu kubwa. Asipopata akiba hiyo hapa, hawezi kuipata angani.

Yuko mwingine ambaye sisi wa Visiwani tungepaswa kumjua kuliko watu wote, kwa sababu njia yake ni njia ya majahazi. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha kuchokolea chaza. Chakula chake ni kaa, na humu tutamwita mla kaa. Huyu haendi Siberia. Hutaga katika visiwa na fukwe za Oman, Iran, Kuwait na pwani ya Bahari ya Shamu. Miongoni mwa ndege wote wa jamaa ya vitwitwi ni yeye peke yake anayechimba shimo mchangani akataga humo, yai moja tu, jeupe, na joto la ardhi likamsaidia kuliatamia. Majahazi ya Waarabu yalikuwa yakirudi kwao kusi ikianza kuvuma, naye huondoka wakati uo huo. Anaporudi huku huja na mtoto wake, na mtoto huyo huendelea kumfuata mzazi akiomba kulishwa kwa miezi, akiwa tayari amekwisha kuvuka bahari. Duniani kote wamekadiriwa kuwa baina ya 60,000 na 80,000, idadi ambayo ni ndogo kuliko ya wakazi wa baadhi ya wilaya zetu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Si wote wanaoondoka. Vitwitwi na sululu wengi waliozaliwa mwaka uliopita hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Hubaki hapa kusi nzima, na rangi yao ya majivu haibadiliki. Mtu anayewaona mwezi wa Juni au Julai, wakati wa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, hudhani ni wagonjwa walioachwa nyuma. La hasha. Hao ndio vijana, na pwani yetu ndiyo malezi yao. Kwa hiyo hesabu ya Juni ina maana yake tofauti na hesabu ya Januari: ya Januari hutuambia ni wangapi waliopo, na ya Juni hutuambia kizazi kilichopita kilifaulu namna gani.

Na kufaulu kwa kizazi hicho kunategemea mambo ya ajabu. Huko Siberia kuna panya wadogo waitwao lemingi ambao huongezeka sana, kisha hupungua ghafla, na mzunguko wao aghalabu huwa wa miaka mitatu au minne. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa barafu hushiba nao na kuyaacha mayai ya ndege. Lemingi wakipungua, mbweha huyohuyo hugeukia viota, na vifaranga wakaangamia karibu wote. Habari hii haikugunduliwa na watu wa Siberia peke yao. Ilithibitishwa na watu waliokuwa wakihesabu ndege mwaka baada ya mwaka mbali kabisa na huko, Ulaya Magharibi na katika wangwa wa Langebaan nchini Afrika Kusini, wakaona kuwa idadi ya vijana hupanda na kushuka kwa kufuata panya wasiowahi kuwaona. Fikirini, wasomaji: mtu amesimama ufukweni Afrika ya Kusini na daftari lake, na kwa kuhesabu tu, bila ya kusafiri, akajua mbweha wa Siberia wamekula nini kiangazi kilichopita.

Ndiyo maana hesabu ya mwaka mmoja, hata ikifanywa kwa ufundi mkubwa namna gani, haiwezi kutuambia kama ndege wanapungua. Huenda umehesabu mwaka wa neema, huenda umehesabu mwaka wa njaa. Mtu akija na tarakimu mbili zilizopishana miaka 15 akatutangazia kuwa nusu ya ndege wetu wametoweka, tumsikilize kwa adabu kisha tumwulize: siku ya kwanza maji yalikuwa bamvu au maji mafu? Ulisimama mahali palepale? Ilikuwa mwezi uleule? Na anayesema kuwa hakuna kilichopungua, naye aulizwe hayohayo.

Hatusemi hivi kwa kuwa hakuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Sababu ziko, tena nzito. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilipotoa upya orodha yake ya viumbe walio hatarini, liliwapandisha daraja la hatari ndege kadhaa wa pwani kwa mpigo. Miongoni mwao ni huyu wetu mwekundu wa Aprili, pamoja na kitwitwi mkubwa wa kijivu mwenye kwapa jeusi ambaye kila mvuvi wa mashariki ya Unguja humwona akitembea peke yake juu ya mchanga. Wote wawili sasa wamo katika fungu la walio hatarini. Orodha hiyo ilijengwa juu ya hesabu, na hesabu zilitoka kwa watu waliosimama kwenye fukwe za nchi nyingi kwa miaka mingi.

Na yuko ndugu wa sululu ambaye habari yake yapaswa kututia ubaridi. Sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akitaga Siberia na kupitisha majira ya baridi katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, alionekana kwa yakini kwa mara ya mwisho huko Merja Zerga, nchini Morocco, mwezi wa Februari mwaka 1995. Miaka 30 watu wakamtafuta. Mwaka 2025 shirika lilelile likamtangaza kuwa ametoweka. Watu walianza kumhesabu kwa bidii walipokwisha kubaki wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Kwetu hapa daftari halikuwa tupu kabisa, na haki ya waliotangulia lazima itolewe. Bwana R. H. W. Pakenham, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni hapa Zanzibar, alikusanya habari za ndege wa Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na orodha yake ikachapishwa Uingereza mwaka 1979. Mwaka 1983 ilichapishwa taarifa fupi ya kisayansi juu ya wimbi kubwa la kambu wa Ulaya, wale wa rangi ya samawati, waliopita mashariki ya Tanzania wakielekea kaskazini katika majira haya haya. Wataalamu wa Denmark walipita mwambao wa Tanzania wakihesabu ndege wa maji katika kaskazi ya 1988 na 1989, na ripoti yao ikatoka mwaka 1990. Mwezi wa Januari 1995 ilifanyika hesabu ya ndege wa maji iliyoenea nchi nzima. Mwaka 2002 kikatoka kitabu cha maeneo muhimu ya ndege nchini Tanzania, na ndani yake pwani ya mashariki na pwani ya kusini ya Unguja zilipewa nafasi yao, pamoja na kisiwa cha Pemba.

Kazi hizo zote ni za kushukuriwa. Lakini mwangalie zinavyofanana: mgeni amekuja, amehesabu, ameondoka na daftari lake. Kwa hilo wahesabu walikuwa sawa na ndege wenyewe. Jirani zetu wa Kenya waliamua njia nyingine. Tangu mwaka 1991 watu wa Makumbusho ya Taifa na chama chao cha maumbile, wengi wao wakijitolea, wamekuwa wakihesabu ndege wa maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari. Leo wakiulizwa ziwa fulani lilikuwa na nini miaka 20 iliyopita, hufungua kabati.

Kuna watakaosema kuwa kuhesabu ndege ni anasa ya wenye darubini na muda. Tunawajibu kwamba hakuna watu waliozaliwa na ujuzi wa kazi hii kuliko wavuvi na wachokozi wa pweza wa vijiji vyetu. Shida kubwa ya mhesabu mgeni ni maji. Hajui saa ya bamvu, hajui fungu lipi huzama kwanza na lipi halizami, hufika maji yakiwa yamekupwa na ndege wametawanyika hadi upeo wa macho, akaishia kukisia. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvu. Mwenyeji anajua kuwa siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, au baada ya mwezi mpevu, maji yakifika kikomo ndege wote wa ghuba watakuwa mahali pawili au patatu, tena wamesimama. Hapo ndipo pa kuhesabia. Mtu huhesabu kumi, akaangalia kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha akapima kundi zima kwa kumi kumi, au kwa mia mia likiwa kubwa. Baada ya mara tano au sita jicho huzoea. Wazee wetu waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua lini kupanda na lini kuvuta ngalawa juu; kuhesabu kumi kumi si elimu ya kigeni.

Kinachokosekana ni majina. Haiwezekani kuandika vitwitwi elfu mbili na kuacha hapo. Chuo Kikuu cha Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar wangefanya jambo jema kuwaita wavuvi wa Unguja, Pemba na Tumbatu wakae pamoja na watu wa misitu, yakusanywe majina ya ndege hawa yanayotumika kijiji kwa kijiji kabla hayajasahauliwa, na aina zisizo na jina zipewe. Mtoto wa skuli hawezi kuandika katika daftari kiumbe asiyekuwa na jina.

Tunakuja kwenye jambo linalowahusu wakubwa moja kwa moja. Tangu mwaka 2021 Serikali ilipoanza kuvikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, mjadala umekuwa juu ya kodi, ajira na haki ya wavuvi kupiga dago. Ni mjadala wa haki, na gazeti hili halipingi uwekezaji. Lakini katika visiwa hivyo na mafungu yaliyo jirani navyo mna mahali ambapo ndege hukimbilia maji yakijaa, na ukilihesabu eneo la namna hiyo kwa ekari utaliona dogo kabisa. Wageni wakipelekwa kutembea juu ya fungu hilo kila maji yanapojaa, ndege hupaa, na kila anapopaa huunguza mafuta aliyoyatafuta usiku kucha. Mwezi wa Septemba atavumilia. Wiki mbili za mwisho za Aprili hawezi. Pengine dawa yake ni nyepesi, mathalani kulifunga fungu moja kwa majuma matatu tu katika mwaka. Lakini afisa anayeandika masharti ya mkataba ataliweka vipi sharti hilo, naye hana karatasi inayomwambia ni fungu lipi na ni majuma yapi?

Au tuchukue mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kikaenea, kikawapa kina mama wa vijiji vya mashariki fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Hakuna mwenye akili atakayetaka kiondoke. Wapo wanaodai kuwa vigingi na kamba huwafukuza ndege, na wapo wanaodai kuwa mwani huvuta viumbe vidogo na kuwaletea ndege chakula. Ubishi huo ungekwisha kwa siku moja lau kungekuwa na daftari la ndege wa Paje la mwaka 1985 na jingine la mwaka 1995, yameandikwa kwa mkono mmoja au kwa kanuni moja. Tusijitengenezee ubishi wa namna hiyo juu ya kila kitakachojengwa pwani kuanzia leo.

Tena hili ni deni. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa kuhifadhi ndege wa maji wanaohama baina ya Afrika, Asia na Ulaya, uliokamilishwa mwaka 1995 na kuanza kazi mwaka 1999, na nchi zaidi ya 80 zimo ndani yake. Mkataba huo unawataka wanachama wafuatilie idadi ya ndege. Mikataba ya nje ni jambo la Muungano. Mazingira si jambo la Muungano. Matokeo yake ni kwamba saini huwekwa Bara na ndege wako Chwaka, na barua baina ya pande mbili husafiri polepole kuliko kitwitwi. Chini ya Mkataba wa Ramsar nako, maeneo manne yaliandikishwa baina ya mwaka 2000 na 2004, la mwisho likiwa Rufiji, Mafia na Kilwa. Yote manne ni ya Bara. Hatulaumu, eneo haliandikishwi bila tarakimu, na tarakimu za kupeleka hatukuwa nazo za kutosha.

Anayetaka kujua kama wananchi wa Visiwani wanaweza kazi hii aende Kidike, Pemba. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, aliwindwa na kukatiwa misitu hata mwaka 1996 akaandikwa katika daraja la mwisho la hatari ya kutoweka. Wanavijiji wakaunda vikundi vyao, wakailinda miti anayolala mchana, wakishirikiana na watu wa misitu na wafadhili wa nje. Hesabu iliyofanywa mwaka 2007 ilikadiria kuwa popo wamefikia 20,000 hivi, na mwaka 2008 akateremshwa daraja la hatari kwa hatua mbili. Lau asingehesabiwa, huenda popo hao wangekuwepo vilevile, lakini sisi tungeendelea kubishana kama wapo.

Twapendekeza basi kazi ianze kwa udogo. Wachaguliwe mahali panne au patano, kwa mfano Chwaka na Menai kwa Unguja, na ghuba moja au mbili za Pemba, pawe na watu watatu kila mahali, akiwemo mvuvi na mwalimu wa skuli ya karibu, na Idara ya Misitu itoe darubini na mafuta ya boti. Wahesabu mara moja Januari, pamoja na dunia nzima. Wahesabu kila bamvu kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Mei. Na mara moja Juni kwa ajili ya wale vijana. Nakala moja ibaki kwa sheha, nyingine iende idarani. Katika kila ukurasa iandikwe tarehe, saa, mwezi mwandamo, upepo na jina la mhesabu. Na mahali ambapo hakuonekana ndege paandikwe sifuri, pasiachwe wazi, kwa sababu atakayelifungua daftari hilo baada ya miaka 20 hatakuwa na njia ya kujua kama ndege hawakuwepo au mhesabu hakufika.